Ukipandishiwa Bei, Utakwenda Wapi?

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima, Ihanja

Leo mtahitaji kalamu na karatasi, maana tutapiga hesabu kidogo. Msiogope. Ni hesabu za namna ile ile mnazozifanya kila mara mnapokwenda mnadani.

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya ushindani katika biashara. Mfano wetu utakuwa televisheni za kulipia: zile zinazokuja kwa dishi na king'amuzi, na zile zinazokuja nyumbani kwa waya, ambazo watu wa mijini huziita kebo. Swali letu ni hili: Serikali inajuaje kwamba wafanya biashara hao wanashindana kweli, na si kumkamua mteja tu?

Huenda ukasema, "Mwalimu, kwangu hakuna waya wa televisheni. Jambo hili linanihusu nini?" Vema. Tuanze basi na alizeti.

Una magunia matatu ya alizeti. Unataka kukamua mafuta. Kijijini pana mashine moja tu, na mwenye mashine ameongeza bei. Utafanya nini? Utasema, "Nitapeleka kijiji cha pili, kuna mashine nyingine." Lakini hesabu nauli ya pikipiki kwa magunia matatu, kwenda na kurudi. Ikiwa nauli inakula faida yote, basi ile mashine ya pili ipo, lakini kwako wewe ni kama haipo. Mwenye mashine wa kwanza anajua hivyo, na ndiyo maana ameongeza bei bila wasiwasi.

Ukilielewa jambo hili la alizeti, umekwisha lielewa somo la leo. Kuhesabu wafanya biashara hakutoshi. Swali lenyewe ni moja: Ukipandishiwa bei, utakwenda wapi?

Sasa niwape kisa changu mwenyewe. Kabla sijahamishiwa kazi katika mkoa huu, nilipanga chumba katika mji mmoja. Mtaani kwetu zilipita nyaya mbili za kebo, za kampuni mbili. Kila mwezi tulilipa shilingi 10,000. Siku moja bei ikawa 15,000. Nikasema, "Si neno, nitahamia waya wa pili." Nikaenda, nikakuta nao ni 15,000. Nikanung'unika, nikalipa.

Mwenye kututoa gizani alikuwa jirani yangu, mama mmoja muuza vitumbua, aliyejifunza kusoma ukubwani kama ninyi. Aliziomba stakabadhi zangu, akaziweka kando ya zake. Mimi nilikuwa nalipia waya wa kwanza, yeye waya wa pili. Akaniambia, "Mwalimu, tazama hapa chini. Jina la mwenye biashara ni moja." Kampuni ya kwanza ilikuwa imeinunua ya pili, nasi hatukuambiwa. Nyaya zilikuwa mbili, lakini mfanya biashara alikuwa mmoja. Mimi mwenye diploma nilikuwa nimezitia stakabadhi zile mfukoni miezi mitatu bila kuzisoma.

Je, tulifanya nini? Hatukufanya kitu. Tulikaa barazani tukalalamika, basi. Hatukujua kwamba lipo jambo la kufanya, wala hatukujua pa kwenda. Ndiyo sababu nimelileta somo hili kwenu.

Ni nani wanaopima?

Katika Tanzania Bara kuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Sheria hiyo iliunda Tume ya Ushindani, ambayo kazi yake ni kulinda ushindani na kumlinda mlaji. Mwaka huo huo wa 2003 ikatungwa sheria iliyounda Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambayo wengi huijua kwa herufi zake, TCRA. Mamlaka hii ndiyo inayotoa leseni za redio, televisheni, simu na posta. Katika kazi zake ikiona mwenendo unaoelekea kuvunja Sheria ya Ushindani, huupeleka mbele ya Tume. Tena kuna Baraza la Ushindani, ambalo ni kama mahakama: asiyeridhika na uamuzi wa vyombo hivi hukata rufani huko.

Sasa tuwafuate wapimaji hawa hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza: Soko ni lipi?

Tukisema soko, wewe unafikiri mahali penye vibanda na nyanya. Katika sheria hii, soko lina maana nyingine. Soko ni vitu vyote ambavyo mteja anaweza kuvitumia kimoja badala ya kingine, katika eneo ambalo kweli anaweza kuvipata. Kwa hiyo yapo maswali mawili: ni vitu gani, na ni eneo gani.

Eneo la kebo huwa dogo. Waya uliofungwa kwenye nguzo za mjini Singida haumfai mtu wa Ihanja hata kidogo. Lakini dishi linanasa mawimbi yanayotoka angani, nalo hufanya kazi Ihanja kama linavyofanya kazi Dar es Salaam. Je, dishi na kebo ni soko moja? Hapo ndipo penye kazi. Chukua kalamu yako.

Tuseme kuna mji mdogo wenye nyumba 100 zinazolipia televisheni. Nyumba 30 zina kebo ya kampuni ya kwanza. Nyumba 10 zina kebo ya kampuni ya pili. Nyumba 30 zina dishi la kampuni ya tatu, na nyumba 30 zilizobaki zina dishi la kampuni ya nne.

Ukisema soko ni kebo peke yake, basi nyumba zote za soko ni 40, na kampuni ya kwanza ina 30 kati ya hizo. Hiyo ni asilimia 75. Ni kubwa sana. Lakini ukisema soko ni kebo pamoja na madishi, nyumba zote ni 100, na kampuni ile ile ina 30 tu. Hiyo ni asilimia 30. Mji ni ule ule, kampuni ni ile ile, nyumba hazikuongezeka wala kupungua. Kilichobadilika ni mpaka wa soko tu. Ndiyo maana mawakili wa makampuni hubishana juu ya mpaka wa soko kuliko juu ya jambo jingine lolote. Kampuni kubwa hupenda soko lichorwe pana, ili yenyewe ionekane ndogo.

Hatua ya pili: Mtego wa bei

Mpimaji atajuaje mpaka wa haki? Hutumia swali lililoenea duniani tangu Wamarekani walipoliandika katika miongozo yao ya mwaka 1982. Huuliza: Kama kebo zote zingekuwa mikononi mwa mtu mmoja, naye akapandisha bei kidogo, kama asilimia 5 au 10, na bei hiyo ikadumu, je, angepata faida au hasara?

Rudini kwenye mji wetu. Zipo nyumba 40 za kebo. Kila moja inalipa shilingi 10,000 kwa mwezi. Mapato ni shilingi 400,000. Bei inapanda kufika 11,000.

Tuseme nyumba 20 zinakasirika na kuhamia kwenye madishi. Zimebaki 20. Ishirini mara 11,000 ni shilingi 220,000. Mwenye kebo amepata hasara, atarudisha bei chini mwenyewe. Hapo dishi linamzuia kweli, na dishi limo ndani ya soko.

Sasa tuseme nyumba 2 tu ndizo zinazoondoka. Zimebaki 38. Thelathini na nane mara 11,000 ni shilingi 418,000. Amepata zaidi kuliko mwanzo. Hapo dishi halimzuii. Hata kama madishi yamejaa juu ya mabati ya mji mzima, hayamo ndani ya soko la kebo.

Kwa nini watu 38 wakubali kulipa zaidi? Sababu ni kama ile nauli ya alizeti. Dishi ni fedha, king'amuzi ni fedha, fundi ni fedha. Tena kuna suala la vipindi. Mpimaji lazima aulize kama huyu na yule wanaonyesha vitu vinavyolingana.

Nitatoa mifano miwili ya kwetu. Mwezi wa Mei mwaka 2021, Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania na Azam Media walitia saini mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha mechi za Ligi Kuu, wa thamani ya shilingi bilioni 225.6. Mkataba wa namna hii si kosa kwa wenyewe. Vilabu vinahitaji fedha. Lakini mpimaji atamwuliza mpenzi wa Simba au Yanga: "King'amuzi kingine kisicho na mechi hizo, hata kikiwa nusu bei, utakichukua?" Jibu mnalijua ninyi.

Mfano wa pili. Mwaka 2018 TCRA ilizitaka DStv, Azam na Zuku ziziondoe chaneli za nyumbani zinazopaswa kuonekana bila malipo, kwa kuwa leseni zao hazikuziruhusu kuzibeba. Aliyekuwa na king'amuzi kimoja cha kampuni hizo, akitaka taarifa ya habari ya chaneli hizo, ilimbidi atafute kingine. Tangu hapo kwake ving'amuzi viwili havikuwa badala ya kila kimoja. Vilikuwa vitu viwili tofauti. Kumbe amri ya leseni nayo huweza kuusogeza mpaka wa soko.

Hatua ya tatu: Nani mkubwa, na je, mlango uko wazi?

Mpaka ukishachorwa, ndipo mpimaji anapohesabu mafungu. Sheria ya Ushindani, ilipotungwa mwaka 2003, iliweka alama ya asilimia 35. Lakini sikilizeni vizuri: kupita alama hiyo hakukutosha. Ilipaswa pia ionekane kwamba kampuni hiyo peke yake inaweza kuupunguza ushindani kwa muda mrefu, nayo ikapata faida. Tena kuwa mkubwa si kosa. Mkulima aliyelima sana asilaumiwe kwa kuwa ghala lake limejaa. Kosa ni kuutumia ukubwa kuwazibia wengine njia.

Kwa hiyo mpimaji hutazama mlango. Mtu mpya akitaka kuleta kebo, atahitaji leseni, nguzo, nyaya, mafundi, na ruhusa ya kupitisha waya kwenye nyumba za watu. Je, kampuni ya kwanza imefunga mkataba na wenye nyumba kwamba waya mwingine usipite? Je, imeshusha bei kwenye ule mtaa mmoja tu anaoingia mgeni, ili afilisike, halafu bei irudi juu? Kama mlango uko wazi, hata mkubwa hufanya adabu, maana anajua mgeni anaweza kuingia kesho. Kama mlango umefungwa, mpimaji ana sababu ya kukaza macho.

Hatua ya nne: Je, wamekula njama, au wameungana?

Wafanya biashara wawili wakikaa pamoja na kukubaliana bei watakayotutoza, hilo limekatazwa na sheria. Lakini tuwe waangalifu. Bei kufanana si ushahidi wa kutosha. Mama wawili wanauza maandazi kwa bei moja kwa sababu unga na mafuta wananunua duka moja. Mpimaji hutafuta barua, ujumbe wa simu, mashahidi, au bei kupanda siku moja bila sababu.

Kununuana nako kunapimwa. Tazameni jambo la saruji, ambayo kila aliyejenga nyumba anaijua. Kampuni ya Scancem, yenye Twiga Cement, ilitaka kuinunua Tanga Cement. Mwezi wa Aprili mwaka 2022 Tume ya Ushindani ilitoa kibali. Kampuni nyingine ya saruji na chama cha kutetea walaji wakapinga mbele ya Baraza, wakisema makampuni hayo mawili yakiungana yatapita ile asilimia 35. Mwezi wa Septemba 2022 Baraza likakibatilisha kibali hicho. Mwaka 2023 Tume ilipokea maombi mapya, na ununuzi ukaruhusiwa. Mnaweza kukubaliana na mwisho wa jambo hilo au msikubaliane. Ninalotaka mlione ni hili: neno la chama cha walaji lilisikilizwa, na kibali kilichokwisha kutolewa kilivunjwa.

Wenzetu wa Marekani wanapimaje?

Huko kebo ni jambo la zamani. Sheria yao ya mwaka 1992 ilisema kwamba pasipo na ushindani wa kweli, serikali ya mji inaweza kuidhibiti bei ya huduma ya msingi. Ushindani wa kweli ni nini? Waliweka vipimo kadhaa kwa namba. Kimoja ni hiki. Lazima wawepo watoa huduma wawili wasiokuwa wa mwenye mmoja, na kila mmoja aweze kufikia angalau nusu ya nyumba za eneo kwa huduma inayolingana. Kisha nyumba zinazolipia kwa wengine, mbali na yule mkubwa kuliko wote, ziwe zaidi ya asilimia 15.

Tena hesabu. Mtaa una nyumba 100. Kampuni kubwa ya kebo ina nyumba 60. Madishi yanaweza kufika kila nyumba, lakini nyumba zilizoyachukua ni 12. Je, kipimo hiki kimetimia? Hapana, 12 haizidi 15. Zikiwa 16, kimetimia. Ona jinsi nyumba nne zinavyoweza kuamua kama bei itadhibitiwa.

Mwaka 2015 tume yao ya mawasiliano ilibadili jambo moja kubwa. Zamani ilichukuliwa kwamba ushindani haupo mpaka kampuni ithibitishe kwamba upo. Tangu mwaka huo, kwa kuwa makampuni mawili ya madishi yalikuwa yameenea karibu nchi nzima, ikachukuliwa kwamba ushindani upo mpaka mji uthibitishe kwamba haupo. Namba za kipimo hazikuguswa. Aliyebadilika ni yule anayebeba mzigo wa kuleta ushahidi. Na mji mdogo usio na fedha za wakili, je, utaubeba vipi mzigo huo? Ndugu zangu, katika kesi yoyote, ulizeni kwanza: ni nani anayetakiwa kuleta ushahidi?

Kazi yako wewe

Na ushahidi unatoka wapi? Mpimaji aliye ofisini hajui kama king'amuzi chako kimegeuka kuwa pambo. Hajui kama waya wa pili una jina la mwenye waya wa kwanza. Anayejua ni wewe. Kwa hiyo fanya mambo manne.

La kwanza, chukua stakabadhi kila unapolipa, au tunza ujumbe wa malipo katika simu. Soma jina, tarehe na kiasi.

La pili, ukiwa na lalamiko, lipeleke kwanza kwa mtoa huduma mwenyewe. Liandike, na uweke nakala. Mistari mitano inatosha.

La tatu, usiporidhika, lipeleke TCRA, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Kati huko Dodoma. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, linalosemea watumiaji. Ikiwa ni habari ya kupanga bei au ya mkubwa kuwazibia wadogo, ipeleke Tume ya Ushindani.

La nne, msiende mmoja mmoja. Barua yenye majina ya nyumba 20, kila moja na stakabadhi yake, huwa tayari ni mwanzo wa kipimo.

Sikuahidi kwamba bei itashuka kesho. Kesi hizi huchukua muda, na pengine mpimaji ataona kwamba bei imepanda kwa haki. Lakini anayenung'unika barazani hasikiki zaidi ya baraza. Mimi nilinyamaza na stakabadhi mfukoni. Ninyi mnaojua kusoma leo, msinyamaze.

Maneno ya kukumbuka

Ushindani: hali ya wafanya biashara kumgombea mteja kwa bei au kwa ubora.
Soko: vitu vinavyoweza kushika nafasi ya vingine, katika eneo ambalo mteja anaweza kuvipata.
Fungu la soko: sehemu ya wateja wote iliyo mikononi mwa mfanya biashara mmoja.
Mlaji: anayenunua kitu au huduma kwa matumizi yake.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Taja huduma moja hapa Ihanja ambayo mwenyewe akipandisha bei, hamna pa kwenda. Ni nini kinachowafungia njia?
2. Nyumba 50 zinalipa shilingi 12,000 kila moja. Bei ikipanda kuwa 13,000 na nyumba 5 zikaondoka, mwenye huduma amepata au amepoteza? Kiasi gani?
3. Maduka mawili yana bei moja ya sukari. Mtajuaje kama ni njama au la?
4. Kila mmoja alete stakabadhi moja kutoka nyumbani. Someni kwa sauti jina la mwenye biashara, tarehe na kiasi.

Swali la nne ndilo muhimu kuliko yote. Kwa herini, ndugu zangu, mpaka somo lijalo.